Nia ya Tatu

Asubuhi ile Bénite alikuwa anapanguza televizyo. Kila siku ya tatu ya juma, mbele ya kwenda masomo, njo ilikuwa kazi yake: anapanguza televizyo na kitambaa yenye maji kidogo, kisha na kitambaa ile ile anapanguza musalaba, sababu musalaba ilikuwa imetundikwa palepale, juu ya televizyo.

Mama yake, Mama Emérence, njo alichagua ile fasi. Mbele, musalaba ilikuwa kwa ukuta ya upande ya mulango. Shirika ikikuja kusali, batu banaangalia mulango. Sala ikiisha, juu ya kuangalia série ku televizyo, babench yote inageuzwa. Siku moja bench ikaponda kidole ya muguu ya Papa Onésime, mukubwa wa shirika, na yeye akasema ile kugeuka-geuka inapoteza wakati ya Bwana. Donc bakahamisha musalaba. Sasa batu banasali macho juu, na sala ikiisha macho inashuka yenyewe.

Shirika ni bakatoliki ba avenue moja, banakutana kila juma kwa nyumba ya mutu kusoma Injili na kusema shapele, ni kusema rozari. Zamani shirika ya kwabo ilikuwa inazunguka, juma hii kwa huyu, juma ingine kwa mwingine, na batu benye kuja, unaweza kubahesabu na mukono moja na vidole inabakia. Tangu televizyo ilifika kwa Mama Emérence, shirika haizunguke tena. Batu banajaa mpaka ku mulango. Batoto banapanda ku dirisha. Padri alisema ku misa mbele ya batu bote kama ile avenue iko na moto ya imani, na Mama Emérence akarudia nyumbani na ile neno pole pole, kama mutu amebeba mayai.

Televizyo, ni Mathe njo aliituma. Mathe ni yaya wa Bénite, kaka yake mukubwa. Anafanya shamba ya cacao upande ya Mangina, na akishuka Beni kuuzisha, analala kwa rafiki yake commune ya Ruwenzori. Mwaka ile bei ya cacao ilipanda, akanunua ile écran plat, akaitia katikati ya matelas mbili ya kulalia, akaituma Butembo.

"Mama," alisema ku telefone, "ni juu usikuwe unaikala peke yako jioni na kulia Papa."

Na kweli, Mama hakulia Papa tena. Alikuwa analia juu ya Graciela.

Graciela ni mwanamuke wa série. Ni kipofu. Anapendwa na bwana moja mwenye bafarasi mingi, na dada yake mwenyewe, tumbo moja, anamutilia kitu ndani ya chai. Anasema Français, lakini mudomo yake inasema kitu ingine. Avenue nzima ilikuwa inajua maisha yake kuliko maisha ya mutu yeyote mwenye kuikala ku avenue.

Siku ya posho, ile ya mwisho ya juma, Mathe alipiga telefone. Ilikuwa saa ile dada ya Graciela anachemsha maji. Telefone iliita ku meza, Mama hakutosha macho ku écran.

"Bénite, jibu. Umwambie apige kisha série."

Bénite akajibu, naye macho yake ku écran. "Yaya, tuko ku série. Upige kisha."

Mathe akacheka. "Haya. Munisalimie bafarasi."

Hakupiga kisha. Kesho yake, siku ya yenga, Mama alipiga yeye, haipite. Siku ya kwanza ya juma, haipite. Ku redio balisema batu ba mashamba ya upande ile balikimbia vita. Habakusema bale benye kukimbia beko wapi.

Sasa, siku ya tatu asubuhi, Mama alikuwa amesimama nyuma ya Bénite na kikombe ya chai, anaangalia vile anapanguza.

"Leo ku sala nitatia nia juu ya Mathe," alisema. "Shapele muzima, mafungu yote tano. Batu bote bale bakisema pamoja, mbingu haiwezi kukosa kusikia."

"Eh, Mama."

"Nitaisema mi mwenyewe. Si mimi niko mwenye nyumba?"

"Ni wewe, Mama."

"Panguza na pale kwa pembe. Kuko alama ya kidole."

Bénite akapanguza pembe. Ni mutoto wa haya, Bénite. Ku masomo, mwalimu wa kemia akiuliza, yeye anajua jibu, anaiandika ndani ya kiganja, kisha anafunga mukono. Mwalimu anafikiri ni mutoto asiyejua kemia. Bénite hajamurekebisha bado.

Magaribi, shirika ikajaa. Mama Marie-Jeanne, jirani mwenye goti mubaya, aliingia wa kwanza, akachukua fasi yake ya katikati, pale taa haingarishe ku écran. Papa Onésime akaikala mbele, akatia kofia yake chini ya bench, akaangalia saa ya mukono.

"Ndugu, tufanye mbio kidogo," alisema. "Leo ni siku kubwa."

Batu bakajibu kama ni kweli. Haikuwa sikukuu ya mutakatifu hata mumoja. Ni leo njo Graciela alikuwa anapasuliwa macho.

Papa Onésime alikuwa amejua kuchagua Injili fupi. Leo alisoma ile ya mbegu zenye kuanguka katikati ya miiba, miiba ikamea, ikazisonga. Ni mistari kidogo sana. Akafunga Biblia.

"Kuko mwenye iko na neno ya kushirikisha?"

Mutu moja wa nyuma alitaka kusimama. Jirani yake akamuvuta koti.

"Hakuna. Basi, nia. Nia ni tatu tu, ndugu, munajua saa iko namna gani. Ya kwanza, mimi: tuombee Baba Mutakatifu, na bapadri bote."

"Ee Bwana, utusikie," batu bakajibu.

"Ya pili?"

"Tuombee bagonjwa," mutu akasema mbio mbio.

"Ee Bwana, utusikie."

"Ya tatu?"

Mama Emérence akafunga muzuri kikwembe yake ya kiuno na akaanza kusimama. Alitaka kusema na heshima, amesimama, vile mutu anasema jambo kubwa. Lakini kusimama inakamata muda, na Mama Marie-Jeanne, juu ya goti yake, alikuwa na ruhusa ya kusema ameikala.

"Tuombee Graciela," akasema Mama Marie-Jeanne. "Bwana aongoze mukono ya munganga. Na yule dada yake, Bwana amufungie mulango ya hospitali."

"Ee Bwana, utusikie!" Shirika nzima, na batoto ba dirisha. Baba Mutakatifu hakupata sauti kama ile.

Kwa mulango kulikuwa mama moja mugeni, alifika ku avenue tangu kidogo tu. Akauliza mwenzake na sauti ya chini:

"Graciela ni wa nani?"

"Wa ile familia ya bafarasi."

"Aa. Pole yabo."

Mama Emérence alikuwa bado katikati, haikale, hasimame.

"Papa Onésime, nami nilikuwa na nia."

"Mama Emérence, tatu imetimia." Aliangalia saa. "Ya kwako uitie ndani ya roho. Mungu anasoma hata kimya."

"Eh," Mama akasema. Akaikala. Akafungua kikwembe yake, akaifunga tena, mara ile ile.

Bénite alikuwa ameikala pembeni ya televizyo, ni fasi yake, juu ni yeye njo anajua kufinya telecommande. Aliangalia mama yake. Alingoja mama aseme tena. Mama alikuwa anaangalia mikono yake.

Bakasema shapele. Zamani ilikuwa mafungu tano. Sasa ilikuwa fungu moja, na ile moja ilikuwa inakimbia. Salamu Maria ya mbele haijamaliza, ya nyuma inaikanyaga visigino. Bakasema Amina. Macho yote ikashuka toka ku musalaba.

"Bénite," Papa Onésime akasema. "Washa."

Bénite akasimama, akaenda nyuma ya rideau, pazia ya couloir, kama mutu anatafuta telecommande. Telecommande ilikuwa ndani ya mukono yake. Nyuma ya rideau kulikuwa disjoncteur, ile ya kukata courant. Akaishusha.

"Eeeeeh!" nyumba nzima ikalia.

"Courant imeenda!"

"Leo? Leo vraiment?"

"Shetani anajua siku ya kuchagua," akasema Mama Marie-Jeanne ndani ya giza.

Mutoto moja wa dirisha akageuza kichwa. "Mais kwa Papa Kahongya iko."

Bakaangalia. Ni kweli. Ngambo ya barabara, kwa Papa Kahongya, muprotestanti, taa ilikuwa inawaka, na écran yake pia ilikuwa inaonekana, bluu bluu, kupita dirisha.

"Basi ni disjoncteur tu," Papa Onésime akasema. "Bénite! Uko pale? Pandisha."

Bénite alikuwa nyuma ya rideau. Angeweza kupandisha. Taa ingewaka, batu bangepiga mikono, hakuna mutu angejua kitu, na yeye angeikala fasi yake. Mukono yake ilikuwa tayari ku disjoncteur. Akaikamata vile, kidogo. Kisha akaachilia, akatoka.

"Ni mimi nimezima."

"Sema na sauti, mutoto," Mama Marie-Jeanne akasema. "Hatuone, angalau tusikie."

"Ni mimi nimezima." Alikuwa anaongea na sakafu, lakini giza ilimusaidia. "Mama alikuwa na nia. Ni juu ya Yaya Mathe. Telefone yake haipite tangu siku ya posho. Alipiga siku ile, na sisi tukamwambia apige kisha série. Na televizyo hii yenyewe, ni yeye njo aliituma."

Mutoto wa dirisha akateremuka.

"Emérence," Mama Marie-Jeanne akasema. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasimama."

"Mi sikujua. Nilifikiri unataka kuleta chai."

Papa Onésime akakohoa. "Ni jambo ya nguvu, hii. Ni jambo ya nguvu sana. Juma ingine tutaitia ya kwanza kabisa, mbele hata ya Baba Mutakatifu."

"Juma ingine," Mama Emérence akasema.

"Ya kwanza kabisa. Mi mwenyewe nitasema."

Nyuma, mutu akanongona: "Papa Onésime, banamuingiza sasa ku salle ya kupasuliwa. Minaona ku dirisha ya Kahongya."

Ile neno iliingia ndani ya giza na kutembea bench na bench. Mutu wa kwanza akatoka anasema anaenda kuangalia batoto. Wa pili akasema iko na sufuria ku moto. Bakatoka pole pole, na heshima, bameinamisha vichwa, kama batu benye kutoka ku kilio. Kufika ku barabara, bakakimbia.

"Kwa muprotestanti?" mutu akauliza kule inje.

"Série haina dini, songa!"

Papa Onésime akasimama. "Mi naenda kubarudisha," akasema. Na akaenda. Alisahau kofia.

Ndani kukabaki batu batatu: Mama, Bénite, na Mama Marie-Jeanne ku bench yake ya katikati.

"Asante kwa kubaki, mama," Mama Emérence akasema.

"Hapana kunishukuru bure. Ni goti. Kwa Kahongya kuko ngazi." Akanyoosha muguu. "Mais kama niko hapa, niko hapa. Tuseme."

Bénite akauliza kama apandishe disjoncteur, hata kwa taa tu.

"Acha," Mama akasema. "Ukipandisha, yote itawaka."

Bakawasha buji, mushumaa moja, bakaitia ku meza, chini ya musalaba. Mama akasimama, na mara hii hakuna mutu alimupita. Akafunga kikwembe muzuri.

"Tuombee Mathe," akasema. "Mutoto wangu. Sijui iko wapi." Alitaka kuongeza neno, alikuwa amelitayarisha tangu asubuhi, lilikuwa refu na lenye kupangwa. Akalikosa. "Ni ile tu."

"Ee Bwana, utusikie," bakajibu babili.

Fungu ya kwanza ilikuwa mugumu. Ilikuwa kitambo habakusema shapele na mwendo yake. Ngambo ya barabara muziki ya série ikaanza, na Salamu Maria ya Mama Marie-Jeanne ikapunguza sauti, ikasimama katikati, ikasikiliza, kisha ikapata haya na kuendelea. Ku fungu ya pili balizoea. Ku fungu ya tatu Mama alisahau kuhesabu. Salamu Maria ikapita kumi, ikaendelea kupita, Mama anasema tu, macho imefungwa, machozi inateremuka bila kelele, na hakuna mutu alimukatisha. Bénite aliona kama mama yake ameacha kusali juu ya batu basikie. Naye akajaribu. Alifikiri juu ya Mathe anacheka ku telefone, munisalimie bafarasi, na kila mara alifika pale, alirudia ku mwanzo ya Salamu Maria.

Balikuwa ku fungu ya ine saa Papa Onésime aliingia. Peke yake. Alikuwa amekuja kuchukua kofia. Akasimama kwa mulango, akaona buji, na juu hakujua la kusema, akasema lile alikuwa nalo:

"Operation imefaulu. Anaona."

"Asante Ye—" Mama Marie-Jeanne akaanza, kisha akatia mukono ku mudomo.

Mama Emérence akafungua macho. "Asante Yesu," akasema yeye. "Hata yeye iko na mama." Akafunga macho tena.

Papa Onésime akainama, akachukua kofia yake chini ya bench. Aliangalia musalaba, juu ni desturi, kutoka nyumba yenye sala bila kuangalia musalaba si vizuri. Macho yake ikashuka yenyewe, vile imezoea. Écran ilikuwa nyeusi. Ndani yake kulikuwa buji, na mutu mwenye kushika kofia.

Akabaki pale. Kisha akaikala ku bench ya nyuma kabisa, ile ya bale benye kuchelewa.

"Muko ku fungu ya ngapi?" akauliza.

"Ya ine," Bénite akajibu. Mara hii hakuongea na sakafu.

Bakamaliza. Papa Onésime njo aliongoza ya tano, bila kuangalia saa, hata kama sauti yake ilikuwa inajaribu kukimbia kila mara, na kila mara Mama Marie-Jeanne anaivuta nyuma. Kisha akamusaidia Mama Marie-Jeanne kushuka mulango.

"Juma ingine," Mama Marie-Jeanne akasema, amekamata mukono yake, "shirika ikuje kwangu."

"Kwako hakuna televizyo."

"Njo maana. Nikibaki, haitasemwa tena ni juu ya goti."

"Batu habatakuja mingi."

"Basi chai itatosha."

Bénite akapandisha disjoncteur juu Mama aone kupika. Taa ikawaka. Televizyo nayo ikawaka, yenyewe, na mutu moja mwenye farasi akaanza kulia kwa Français. Bénite akaizima na telecommande. Mama akaleta kikwembe ya zamani, ile ya maua, akafunika écran muzima, akavuta na pembe zote, vile banafunika mutoto mwenye kulala. Kisha akaleta telefone, akaipatia Bénite, juu macho yake haione muzuri maandiko madogo.

"Muandikie."

"Niandike nini, Mama?"

"Umwambie tumemuombea. Shapele muzima. Umwambie mafungu yote tano, asifikiri tumekata." Akafikiri. "Na ya tatu ilipita kumi. Mais ile usiandike."

Bénite akaandika: *Yaya Mathe, ni Bénite. Leo tumesema shapele juu yako, mafungu yote tano. Mama Marie-Jeanne alikuwa, na Papa Onésime ku mwisho. Televizyo tumefunika.*

"Umalize vile?"

"Bado."

Akaongeza: *Upige saa yoyote. Hata saa ya série.*

Akatuma. Mama akaleta bundu, ugali ya muhogo, na mboga ya sombe, na telefone bakaitia katikati ya meza, pembeni ya sahani, écran ikiangalia juu. Bakakula. Ngambo ya barabara kwa Papa Kahongya, batu bakapiga mikono juu ya kitu.

"Amejibu?" Mama akauliza.

"Bado, Mama. Haijafika kwake."

"Kula," Mama akasema. "Kesho tutasema tena."

Bénite akakula. Mukono ya kuume ilikuwa ndani ya bundu. Ya kushoto ilikuwa ku meza, wazi, pembeni ya telefone.